Mizani yangu ya intaneti inanichanganya: nimepungua au sijapungua?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 38, naishi Tanga. Kliniki waliniambia sukari yangu imeanza kupanda ingawa haijafika kwenye kisukari, nikaambiwa nipunguze kama kilo saba. Kaka yangu aliyeko Muscat alipokuja likizo aliniletea mizani ya bafuni ya kisasa: ukishapanda, uzito unaingia wenyewe kwenye simu kupitia waifai. Wiki tatu zimekwisha nikipima kila asubuhi na kila usiku. Jumatatu ya wiki hii ya tatu nilikuta 87.1, nikafurahi. Usiku nikala mhogo na papa tu, sahani ndogo. Jumanne asubuhi 88.4! Namba ileile niliyoipata Jumapili ya wiki ya kwanza. Mafuta ya mwili, asubuhi inasema asilimia 41, usiku 38. Na mume wangu akipanda yeye, mara nyingine simu inaandika kwamba ni mimi. Mizani hii ni mbovu? Nipime mara ngapi? Na wifi yangu ananitisha kwamba taarifa zangu zinasomwa na watu nje ya nchi. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ahsante kwa kunitumia picha za skrini za wiki zote tatu, maana bila hizo ningekujibu kwa kubahatisha. Nimekaa nazo na karatasi na kalamu, na ninachokiona ni kwamba umepungua. Mizani yako ni nzima. Ila unaisoma kama saa ya ukutani, unaangalia namba ya sasa hivi na kuiamini, wakati uzito hausomwi hivyo.

Tazama asubuhi zako za wiki ya kwanza: 88.0, 88.6, 87.9, 88.3, 87.8, 88.5, 88.4. Zijumlishe, ugawe kwa saba, unapata 88.2. Sasa wiki ya tatu: 87.1, 88.4, 87.6, 87.2, 87.5, 87.0, 87.3. Wastani wake ni 87.4. Zimeondoka karibu gramu 800 ndani ya wiki mbili. Wewe ulichukua 88.4 ya Jumapili ile ukaipambanisha na 88.4 ya Jumanne hii, ukahitimisha kwamba wiki mbili za kujinyima zimekwenda bure. Hizo mbili zinafanana namba tu. Ile ya kwanza ilikuwa juu kidogo ya wastani wa wiki yake, na ya pili ilikuwa kilo nzima juu ya wastani wa wiki yake. Kwa mwendo huu, kilo saba zitachukua miezi minne na siku kadhaa. Ni mwendo mzuri, na wala usijaribu kuuharakisha.

Hiyo Jumanne nataka tuikalie, kwa sababu ndiyo iliyokuumiza. Kutoka 87.1 hadi 88.4 ni kilo 1.3 kwa usiku mmoja. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kilokalori 7,700. Ili mwili wako uongeze mafuta ya kilo 1.3, ungelazimika kula kilokalori 10,000 juu ya zile unazohitaji kwa siku. Ni zaidi ya chapati thelathini za kukaanga, juu ya milo yako ya kawaida, kati ya Jumatatu na Jumanne. Hukufanya hivyo. Ulikula mhogo na papa. Na papa yule, kama ni papa mkavu wa kuuzwa sokoni, amehifadhiwa kwa chumvi nyingi. Hata ukimloweka na kumwaga maji mara mbili, chumvi hubaki. Chumvi huvuta maji na kuyashikilia mwilini mpaka figo ziitoe, na hiyo huchukua siku moja au mbili. Mhogo nao ni wanga. Wanga uliozidi matumizi ya saa ile hufichwa kwenye ini na misuli kama glaikojeni, na kila gramu moja ya glaikojeni hukaa pamoja na maji yapatayo gramu tatu. Ongeza na chakula chenyewe kilichokuwa bado tumboni. Jumatano ulikuwa 87.6, Alhamisi 87.2. Maji yalikuja, maji yakaondoka.

Kwako kama mwanamke kuna jambo jingine ambalo nashangaa jinsi tunavyolisahau tunapozungumzia uzito. Siku chache kabla ya hedhi, wengi wetu hubeba kilo moja au mbili za maji, kisha huondoka zenyewe damu ikishaanza. Kwa hiyo utafika wiki ambayo hata wastani wa siku saba utapanda bila wewe kukosea chochote. Wiki hiyo ilinganishe na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, usiilinganishe na iliyotangulia. Ramadhani nayo ina hesabu yake. Kupima asubuhi baada ya daku na kupima jioni kabla ya futari ni kama kupima watu wawili. Chagua saa moja uishike mwezi mzima, na usishtuke siku tatu za kwanza za Shawwal.

Sasa, upime mara ngapi? Mara moja kwa siku, asubuhi, ukishatoka msalani na kabla ya kunywa hata chai, ukiwa na nguo ileile nyepesi. Vipimo vya usiku acha kabisa, na vile ulivyokwisha kuviingiza vifute kwenye programu, kwa sababu vinapotosha wastani. Jioni karibu kila mtu ni mzito kwa kilo moja au zaidi kuliko alivyoamka, kutokana na alichokula na kunywa. Ukitaka kuliona kwa macho yako, panda mizani, shuka, kunywa chupa ya maji ya nusu lita, panda tena. Utakuwa umeongezeka nusu kilo, na hakuna aliyenenepa.

Wapo wenzangu wanaowashauri wateja wapime mara moja kwa wiki ili wasihangaike. Nawaelewa, na kwa mizani ya kawaida ya sindano niliwahi kutoa ushauri huohuo. Lakini fikiria ungekuwa unapima Jumanne tu. Wiki hii ungeandika 88.4 na kukata tamaa. Kipimo kimoja kwa wiki kinaweza kuangukia siku ya papa. Hapa ndipo mizani ya intaneti inapostahili bei yake: inaandika kila siku bila wewe kushika kalamu, haisahau, haikudanganyi siku usiyotaka kuona, na simu inapiga hesabu ya wastani yenyewe. Fungua grafu kwenye programu yako. Nyingi huonyesha nukta za kila siku na mstari laini unaopita katikati yake. Mstari huo hutengenezwa kwa wastani wa siku kadhaa, au kwa njia nyingine rahisi: unachukua wastani wa jana, unausogeza kuelekea kipimo cha leo kwa sehemu moja tu ya kumi. Kama wastani ulikuwa 87.5 na leo umepima 88.4, wastani mpya ni 87.59. Mruko wa gramu 900 umekuwa gramu 90. Mstari huo ndio wa kutazama, tena Jumapili kwa Jumapili. Na kama kuona namba asubuhi kunakuharibia siku, angalia kwenye mipangilio; baadhi ya mizani hukuruhusu kuficha namba kwenye kioo ikaenda kwenye simu kimyakimya. Mteja yeyote aliyewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula kupita kiasi au kujitapisha, huyo simpimishi kila siku hata kidogo, na mizani ya namna hii simshauri kuwa nayo nyumbani.

Kuhusu asilimia 41 na 38. Mizani yako haioni mafuta. Zile sahani nne za chuma unazokanyaga hupitisha umeme mdogo sana, usioweza kuuhisi, ukipanda mguu mmoja na kushukia mwingine. Maji yenye chumvi mwilini hupitisha umeme vizuri, mafuta huupinga. Mizani hupima upinzani huo, kisha huchanganya na urefu, umri na jinsia ulivyojaza, na kutoa asilimia kwa kanuni iliyotengenezwa kiwandani. Asubuhi umeamka na kiu, maji ni machache, upinzani unakuwa mkubwa, nayo inasema mafuta ni mengi. Usiku umekunywa maji, miguu imevimba kidogo kwa kusimama kutwa, upinzani unashuka na mafuta "yanapungua". Hata unyayo mkavu wenye magaga hubadilisha jibu. Na kwa kuwa umeme unapanda mguu huu na kushuka ule, tumbo lako, ambalo ndilo linalohusika zaidi na sukari, karibu halijapimwa. Namba hiyo mimi huwaambia wateja waifiche. Ukipata ujauzito, zima kabisa kipimo hicho cha umeme. Na mtu yeyote mwenye betri ya moyo, mathalani mzazi anayekuja kukutembelea, asipande hadi kizimwe.

Badala yake tafuta futi ya fundi cherehani. Jizungushie kiunoni, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Shirikisho la kimataifa la kisukari, IDF, linaweka mpaka wa sentimita 80 kwa wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara, na 94 kwa wanaume. Pima mara moja kwa mwezi, uandike. Kuna miezi ambayo mizani itagoma na futi itakubali, hasa ukianza mazoezi.

Mizani yenyewe ina mahitaji machache. Ndani, kwenye kila pembe, kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana ukikanyaga, na waya mwembamba uliobandikwa juu yake hubadilisha upinzani wake wa umeme kadiri chuma kinavyopinda. Ndiyo maana mizani haitaki zulia wala mkeka chini yake. Iweke kwenye sakafu ya simenti au vigae, mahali pasipoyumba, na uiache hapohapo. Ukiihamisha, ikanyage mara moja, ngoja izime, ndipo upime. Kuijaribu ni rahisi: panda, soma, kisha panda tena umebeba mfuko wa unga wa kilo tano ambao haujafunguliwa. Tofauti iwe tano, au karibu sana nayo. Usiijaribu kwa kupanda na kushuka mara tatu mfululizo ukifurahia kwamba namba ni moja. Baadhi ya mizani za nyumbani hukumbuka kipimo cha dakika iliyopita na kukirudia kama tofauti ni ndogo.

Na ukienda kliniki ukute ya kwao inasema kitu tofauti na ya kwako, usiitupe. Mbali na nguo na chai uliyokunywa, kuna na dunia yenyewe. Huku karibu na ikweta mvutano wa ardhi ni mdogo kuliko Ulaya kwa kama asilimia 0.3. Mizani iliyosawazishwa kwa ajili ya huko ikitumika Tanga itakupunguzia kama robo kilo kwa uzito wako. Baadhi ya programu huuliza nchi uliyopo kwa sababu hiyo, kwa hiyo jaza Tanzania. Hata usipojaza, kosa litakuwa lilelile kila siku, na unachofuatilia wewe ni mabadiliko.

Suala la mume wako lina maelezo mepesi. Mizani hutambua watu kwa uzito. Kama yeye ana 89 au 90 na wewe una 87, siku akipima akiwa hajala, yuko ndani ya eneo lako. Mfungulie akaunti yake ndani ya programu, si kwenye simu yake tu. Mizani nyingine ikisita huonyesha majina mawili, nawe unaegemea mguu wa kulia au wa kushoto kuchagua. Nyingine hukuacha uhamishe kipimo kwenye simu baadaye. Angalia vipimo vyako vya nyuma, vile vinavyoruka bila sababu saa ambayo hukupima, umrudishie mwenyewe. Watoto wakipanda kucheza, na watapanda, wachagulie sehemu ya mgeni. Utakuja kushukuru siku mtakapopishana kwa kilo nne au tano. Mchanganyiko huu utaisha wenyewe.

Intaneti yenyewe haina mengi. Mizani nyingi hutumia masafa ya waifai ya gigahezi 2.4 tu, kwa hiyo kama ruta yako ina majina mawili ya mtandao, chagua lisilo na 5 mwishoni. Bando likiisha usiache kupima, kwani nyingi huhifadhi vipimo ndani na kuvituma mtandao ukirudi. Aliye na mizani ya Bluetooth peke yake atahitaji simu iwe karibu, na kama simu yake ni Android ya miaka ya nyuma, itaomba ruhusa ya kujua alipo kabla ya kutafuta mizani. Ombi hilo lilitokana na Android yenyewe kabla ya toleo la 12, wala halimaanishi lazima kwamba mtengenezaji wa mizani anakufuatilia.

Wifi yako hajakosea kukutahadharisha. Kipimo chako cha asubuhi hakitoki bafuni kwenda chumbani ilipo simu. Kinatoka kwenye ruta, kinakwenda kwenye seva ya kampuni, yaani kompyuta yao ya kuhifadhia taarifa, mara nyingi nje ya nchi, kisha kinarudi kwenye simu. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na Kenya walitangulia na sheria yao ya 2019. Ni kinga nzuri, lakini kinga ya kwanza ni kutotoa kisichohitajika. Programu inahitaji urefu, umri na jinsia ili hesabu zake ziende. Haihitaji jina lako kamili, wala orodha ya namba za watu ulionao kwenye simu. Tumia jina la utani, barua pepe ya pembeni, nenosiri ambalo hulitumii kwingine, na ukatae kila ruhusa isiyohusiana na kupima.

Mimi hofu yangu kubwa iko kwingine: kampuni kukuacha njiani. Mwaka 2016 Under Armour ya Marekani iliuza mizani ya intaneti ndani ya boksi la vifaa vya dola 400. Miaka michache baadaye ikaachana na programu yake, na wenye mizani wakabaki na kifaa kinachoonyesha uzito kwenye kioo bila mahali pa kuutuma. Withings ya Ufaransa, waliouza mizani ya waifai tangu 2009, walinunuliwa na Nokia mwaka 2016. Januari 2018 Nokia ikazima kwa mbali kipimo cha mishipa ya damu kwenye mizani ambazo watu walikuwa wamekwisha zilipia. Kifaa kiko bafuni kwako, na bado mtu aliye mbali anaweza kukipunguzia kazi. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi ingia kwenye mipangilio, pakua vipimo vyako kama faili, na uandike wastani wa kila wiki kwenye daftari lako la kliniki. Namba nne tu kwa mwezi. Wenye mizani za Bluetooth wana njia nyingine nayoipenda: programu huria ya Android inayoitwa openScale, ambayo husoma mizani za aina nyingi na kuweka kila kitu ndani ya simu bila akaunti wala seva.

Kuna nyakati mbili ambazo mstari ukibadilika usiniandikie mimi, nenda hospitali. Uzito ukipanda zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, tena miguu imevimba au unakosa pumzi ukilala chali, hayo yanaweza kuwa maji yanayotokana na moyo au figo, na mgonjwa wa moyo aliye nyumbani kwenu anapaswa kulijua hili kuliko mtu yeyote. Na ukishuka kwa kasi bila kujinyima, huku una kiu isiyokatika na unakwenda haja ndogo usiku kucha, usisherehekee. Huenda ndiyo sukari yenyewe imepanda. Kupungua bila kukusudia kunakoambatana na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili nako kunataka kipimo cha kifua kikuu.

Daktari wako aliposema kilo saba hakuokota namba hewani. Marekani ulifanyika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa na sukari ya kiwango kama chako. Kundi lililopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58 kuliko kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake, na liliwashinda hata waliopewa metformin, dawa ya kushusha sukari, waliopata asilimia 31. Asilimia 7 ya kilo zako 88 ni kilo sita na ushee. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, kutembea kwa haraka kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba.

Kwa hiyo endelea na mhogo, papa mloweke usiku kucha, vipimo vya usiku vifute, mume umtenganishe kwenye programu. Ikifika wiki ya kumi nitumie wastani wa kila wiki, kiuno, na jibu la kipimo cha sukari ya miezi mitatu ukirudi kliniki. Hivyo vitatu tutaviweka pamoja, na hapo ndipo nitakuambia kama kuna cha kubadilisha kwenye sahani.